Kiti cha Afisa Lishe Kwenye Kliniki ya Kisukari: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Afya Mkoani Kigoma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Waganga Wakuu wa Wilaya, na Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mkoa wetu.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ujiji, na huu ni mwaka wa saba ninaishi na kisukari. Ninawaandikia kuomba jambo moja tu. Ninaomba kila kliniki ya kisukari na shinikizo la damu katika mkoa huu iwe na afisa lishe anayekaa mezani siku ya kliniki, ampime mgonjwa, amuulize anakula nini hasa nyumbani kwake, kisha akishirikiana na daktari apange naye namna ya kupunguza uzito kwa chakula kilekile kinachoingia kwenye chungu chake. Siombi jengo, wala mashine ya mamilioni. Ninaomba mtu, mizani, na muda wa kuzungumza.

Nilipogundulika kuwa na kisukari nilikuwa na kilo 92 na urefu wa mita 1.58. Ukichukua uzito huo ukaugawanya kwa kipeo cha pili cha urefu unapata karibu 37, na kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 mtu ana kiribatumbo. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe miezi mingi baadaye, kwa sababu katika kituo nilichoanzia hakuna aliyenipima urefu. Nilichoambiwa, mbele ya foleni nzima ya watu wanaonifahamu na wengine niliowafundisha kusoma, ni kwamba “mama, punguza mwili.” Nikapewa na karatasi iliyotolewa nakala mara nyingi hadi maandishi yake yamefifia. Karatasi ile iliniagiza nile brokoli, samaki aina ya salmoni, tufaha, na mkate wa ngano isiyokobolewa, nipikie mafuta ya zeituni, na niache kabisa mawese na ugali wa muhogo.

Naomba mtafakari maana ya maagizo hayo kwa mtu wa Ujiji. Ugali wa muhogo ndio chakula chetu. Sombe, yaani majani ya muhogo, maharage na samaki wetu migebuka tunapika kwa mawese, na walikuwa wakipika hivyo bibi zetu. Serikali yetu yenyewe tangu mwaka 2018 imekuwa ikihimiza kilimo cha michikichi katika mkoa huu, na kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu bora kwa ajili ya wakulima wetu. Mgonjwa anayeambiwa aache mawese, huku jirani, mume na wajukuu wakiendelea kula chungu kimoja, ana njia mbili: apikiwe peke yake, jambo ambalo kipato hakiruhusu, au aikunje ile karatasi na kuisahau. Mimi niliikunja. Sikufanya hivyo kwa ukaidi. Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya jiko la mtu mwingine.

Nikaanza kujitibu kwa kusikia maneno ya watu, na hapo ndipo nilipokaribia kupoteza maisha. Shoga yangu mmoja aliniambia kwamba aliyeacha ugali kabisa kwa siku arobaini hupona. Nikaacha ugali, nikaacha na chakula cha usiku, lakini vidonge vyangu niliendelea kuvimeza kama nilivyoandikiwa. Siku ya nne, yapata saa nne asubuhi, nikiwa sokoni Mwanga, jasho la baridi likanitoka, mikono ikatetemeka, nikashindwa kuhesabu chenji niliyorudishiwa. Mama muuza nyanya aliyewahi kumuuguza mumewe alinitambua hali yangu, akaninywesha soda nusu chupa, nikarudiwa na fahamu. Kipimo kilichochukuliwa baadaye, wakati tayari nimekunywa ile soda, kilisoma milimoli 2.9 kwa lita, chini ya kawaida.

Daktari alinieleza sababu ya tukio lile baadaye sana. Moja ya dawa zangu ilikuwa glibenklamidi, ambayo huilazimisha kongosho kutoa insulini iwe umekula au hujala. Ukipunguza chakula bila kupunguza dawa hiyo, sukari hushuka kupita kiasi. Mtu anayejidunga insulini yuko kwenye hatari hiyohiyo, na anayemeza dawa za presha naye, kadiri uzito unavyopungua, shinikizo linaweza kushuka mpaka akaanguka akisimama. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa peke yake haina tabia hiyo kwa kiwango hicho. Mambo haya mgonjwa hawezi kuyajua kwa kuangalia rangi ya kidonge. Kwa hiyo ninaposema kupunguza uzito kwa usimamizi wa kitabibu, nina maana ya kitu hiki hasa: anayepanga chakula na anayeandika dawa wawe wanaongea, na cheti cha dawa kibadilike sahani inapobadilika.

Msaada niliupata mwaka wa tatu wa ugonjwa, kwa bahati. Kliniki yetu ilipata binti aliyehitimu shahada ya lishe pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambaye kwa kukosa ajira alikuwa akijitolea. Alipewa kiti pembeni ya dirisha la dawa. Siku ya kwanza hakunipa karatasi. Aliniuliza, “Bibi, nyumbani mnapimia nini mawese?” Nikamwambia upawa. Akaniomba Jumanne inayofuata niende nao.

Nilikwenda na upawa wangu kwenye kikapu, na kichupa cha mawese. Akachukua kijiko kikubwa cha chakula, akaanza kuhamisha mafuta kutoka upawani kwenda kwenye bakuli, kijiko kimoja kimoja, huku tukihesabu pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Vilitoka vijiko vitano. Akaniuliza huwa ninatia pawa ngapi, nikasema mbili. Kijiko kimoja cha mafuta, ya aina yoyote, kina kilokalori zipatazo 120, kwa hiyo chungu changu kilikuwa kinabeba 1,200 za mafuta peke yake. Nyumbani tunakula wanne, mara mbili kwa siku, hivyo kila mmoja wetu alikuwa akimeza kiasi cha 600 kwa siku kabla hata hatujahesabu ugali na kitoweo. Hakuniambia niache mawese. Alisema yana vitamini A nyingi, na kwamba tatizo ni wingi wake, na kwamba karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoganda, ambayo mtu mwenye presha anapaswa kuyala kwa kiasi. Tukakubaliana vijiko vitatu kwa chungu kizima. Badiliko hilo moja lilinipunguzia zaidi ya kilokalori 400 kwa siku, na mume wangu, ambaye angegoma kula chakula kisicho na mawese, hakugundua kitu ila kwamba rangi imepungua kidogo.

Ugali ulifuata. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake ni kidogo mno, na ndiyo maana mtu hula tonge nyingi kabla hajahisi kushiba. Binti yule alinipa kipimo cha bakuli dogo la kupakulia, la bluu, ambalo ninalo hadi leo, akaniambia nafasi iliyobaki kwenye sahani niijaze sombe au lengalenga, na kitoweo kiongezeke: dagaa wetu aliyekaushwa ana protini zaidi ya nusu ya uzito wake, na mgebuka ukichomwa badala ya kuzamishwa kwenye mafuta ni chakula ambacho hakuna mgonjwa wa kisukari duniani anayepaswa kukionea aibu. Chai yangu ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, vikombe vitatu kwa siku. Tulishuka kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili. Soda aliniruhusu wakati sukari imeshuka tu, kwa sababu chupa ya mililita 350 huwa na sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai.

Kwa upande wa mwili kuutumikisha, hakuniagiza mchezo wowote. Aliniuliza asubuhi ninafanya nini baada ya swala ya alfajiri. Nikaanza kutembea dakika thelathini, siku tano kwa wiki, na magoti yalipouma daktari akanipunguzia mwendo badala ya kuniambia nivumilie.

Katika miezi kumi na moja nilitoka kilo 92 hadi 84. Sukari ya asubuhi iliyokuwa ikicheza kwenye 11 ilishuka hadi 7, glibenklamidi ikaondolewa na daktari kwa hatua, nikabaki na metformini. Kilo nane ni chache kwa macho ya watu. Bado mimi ni mwanamke mnene, na wapo walioniuliza kwa huruma kama ninaumwa, kwa sababu kwetu kunenepa ni kutunzwa na kukonda ni kuteseka. Lakini wataalamu wanakubaliana kwamba kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha kuleta nafuu ya kweli katika sukari na presha, na mimi nilipungua karibu asilimia 9.

Waheshimiwa, haya si mapenzi ya bibi mmoja wa Ujiji. Mwaka 2002 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya watu 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajafikia ugonjwa. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Nawaomba muangalie jinsi walivyosaidiwa: kila mshiriki alikuwa na mshauri wake, akakaa naye ana kwa ana kwa vipindi 16 katika wiki 24 za mwanzo, wakizungumzia jiko lake na ratiba yake. Nchini Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulifanyika kwenye vituo vya kawaida vya afya ya msingi, chini ya wauguzi na wataalamu wa lishe, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari waliopewa mpango wa kupunguza uzito walikuwa na sukari isiyo ya ugonjwa bila dawa. Wao walitumia vinywaji maalumu badala ya chakula kwa miezi kadhaa, jambo ambalo sitegemei lifanyike Kigoma wala siliombi. Ninaloliona la kuchukua ni kwamba kazi ile ilifanywa na watu wa ngazi ya kituo, waliomjua mgonjwa na kumfuatilia, na kwamba dawa zake zilirekebishwa siku ileile mpango ulipoanza.

Ushauri wa jumla hauwezi kufanya kazi hiyo, na kliniki yetu peke yake inatosha kuonesha sababu. Kwenye benchi moja nimekaa na mbebaji wa mizigo wa mwalo wa Kibirizi ambaye akila ninavyokula mimi ataanguka na gunia, na dereva wa bodaboda ambaye hukaa kwenye kiti kuanzia alfajiri hadi usiku akila chipsi njiani. Nimekaa na mama anayenyonyesha, na mzee ambaye figo zimeanza kuchoka na ambaye kuambiwa aongeze protini kungemuumiza. Wapo pia wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri, ambazo kwa baadhi yao, hasa wanawake, zimeonekana kuambatana na ongezeko la uzito, na hao wanastahili kuelezwa hivyo kwa faragha na kusaidiwa wabaki kwenye dawa, kuliko kulaumiwa kwa ulafi.

Kisha kuna majira. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mgonjwa aliyepangiwa dagaa na migebuka atafanyaje miezi mitatu ambayo ziwa limefungwa? Mpango wangu ulikuwa na ukurasa wa pili kwa ajili ya hali kama hiyo: maharage, karanga kwa kipimo, na mayai pale yanapopatikana. Na kuna Ramadhani, ambayo katika mji kama Ujiji si jambo la pembeni. Miongozo ya kimataifa inashauri mgonjwa wa kisukari anayekusudia kufunga amwone mhudumu wake wiki sita hadi nane kabla, ili dawa na milo vipangwe upya na wengine waambiwe wazi kwamba wasifunge. Hapa kwetu wengi tunafunga bila kumwambia daktari, tunafuturu muhogo, viazi na tambi za sukari kwa wakati mmoja, na tunakuja kliniki baada ya Idi tukiwa na vipimo vya kutisha.

Pale ambapo mtaalamu hayupo, mwenye kuuza huja. Stendi na sokoni kuna chai za kukata tumbo na vidonge visivyo na maelezo ya kueleweka, na mama zetu wanavinunua kwa fedha ya mboga. Duniani chai na vidonge vya namna hiyo vimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Fikirieni dawa hiyo ikiingia kwenye mwili wa mtu mwenye presha.

Ninajua mtaniambia kuhusu bajeti, na ninajua mkoa wetu bado unapambana na udumavu wa watoto. Siombi senti moja iondolewe huko. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na fedha hiyo ibaki ya watoto. Lakini Mpango Jumuishi wa Taifa wa Lishe wa 2021/22 hadi 2025/26 unataja pia uzito uliozidi na magonjwa yasiyoambukiza, na takwimu za taifa za 2015/16 zilionesha kuwa wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Nyumba moja inaweza kuwa na mjukuu aliyedumaa na bibi mwenye kilo 92, wakila chungu kimoja chenye muhogo mwingi na kitoweo kidogo. Afisa lishe akiingia kwenye nyumba hiyo kwa ajili ya mmoja, amewafikia wote wawili.

Watu wapo. Wahitimu wa lishe wako mitaani wakisubiri ajira, na wanaojitolea wanalipa nauli kwa mifuko yao. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 umeleta vijijini watu wanaoingia majumbani. Wafundishwe kupima kiuno kwa futikamba, kuuliza kuhusu mafuta na sukari, kutambua dalili za sukari iliyoshuka, na kumrudisha mgonjwa kliniki. Mizani na kipimo cha urefu viwepo kwenye chumba chenye pazia, na namba ziandikwe kwenye kadi kila mwezi kama zinavyoandikwa za watoto, kwa sababu uzito uliopungua hupenda kurudi, njaa huongezeka mwili unapopungua, na asiyefuatiliwa hurudi alikotoka akidhani ameshindwa kwa udhaifu wake. Na lugha isimamiwe. Mtu aliyeaibishwa kwenye foleni harudi.

Binti yule wa Sokoine aliondoka. Alipata kazi yenye mshahara mkoa mwingine, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Kiti chake bado kipo pembeni ya dirisha la dawa, na siku hizi hutumika kuwekea maboksi. Tangu aondoke nimerudisha kilo mbili, nami ni mwalimu mwenye daftari na bakuli la bluu. Wenzangu wa benchi ambao hawakuwahi kukutana naye wanaendelea kupewa karatasi ya brokoli.

Kliniki yetu ni kila Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi. Ninaomba jibu lenu litaje Jumanne ambayo kiti kile kitakuwa na mtu.

Kwa heshima,

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.